Gari Lililozoea Kusukumwa

Siku ya kuniaga kazini mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa sijaelewa kwa nini mtu anapewa saa siku ile ile anapoacha kuhitaji kuamka mapema. Siku hiyo hiyo mmoja wenu akaniuliza kwa nini miaka yote hiyo nilikuwa nafoka kama nimekanyagwa kila mtu alipogusa terminali, kile kishikio cha waya juu ya betri, injini ikinguruma. Nikamjibu, "Acha tu." Lilikuwa jibu la uvivu. Sasa muda ninao, na saa ninayo, wacha nijibu vizuri.

Nilianza kazi ya umeme wa magari mjini Embu mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi na ovaroli iliyoshonewa mwanamume mrefu. Karakana ilikuwa ya Mzee Ireri, kando ya barabara inayopanda kwenda Manyatta: mabati machache, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na meza iliyolowa mafuta mpaka ikawa haishiki maji. Mteja wa kwanza aliyenikuta alichungulia nyuma yangu akauliza, "Fundi yuko?" Nikasema, "Niko." Akasema, "Hapana, yule mwenyewe." Mazungumzo hayo niliyarudia karibu kila siku kwa mwaka mzima, na sikuwahi kuyazoea.

Mzee Ireri hakunipa spana siku hiyo. Alinipa dainamo iliyofunguliwa akasema, "Nusa."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Mafuta, Mzee."

"Nusa tena, wacha haraka."

Chini ya mafuta kulikuwa na harufu nyingine, kama sukari iliyoungua sufuriani. Ilikuwa ni rangi inayopakwa nyaya za ndani, imepata joto kupita kiasi. Akaniambia, "Basi hapo ndipo utaanzia. Pua kwanza, spana baadaye." Alikuwa na vifaa vichache sana. Taa yake ya kupimia ilikuwa balbu ya indiketa iliyolehemewa nyaya mbili, ikakaa ndani ya mkebe wa majani chai. Alikuwa pia na kipande cha msumeno cha kukwangua uchafu katikati ya shaba za dainamo, na hicho hakuna aliyeruhusiwa kukiazima.

Najua wengine wenu hamjawahi kushika dainamo. Ni kipipa cha chuma kinachozungushwa na mkanda wa feni ili kuchaji betri, na kina ubishi mmoja mkubwa: injini ikienda polepole, hakitoi chochote. Gari likisimama taa zikiwaka, betri inaliwa. Gari likikimbia barabara kuu, betri inashiba. Nyuma ya injini kulikuwa na kisanduku tulichokiita katauti, cha kuzuia moto wa betri, yaani umeme, usirudi nyuma kwenye dainamo. Mzee Ireri alikuwa anaweza kurekebisha katauti kwa kusikiliza, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, utadhani anaomba.

Na ukimaliza kutengeneza, kulikuwa na sherehe. Mzee alikuwa anaita wateja wote waliokuwepo, hata wa magari mengine, wakazunguka boneti. Anaamrisha mtu akanyage mafuta kidogo. Halafu anashika terminali ya betri kwa kitambaa, anaivuta, anaiinua juu watu waione. Injini inaendelea kunguruma bila betri, kwa nguvu ya dainamo peke yake. "Sikilizeni," anasema. "Nimemwachisha ziwa." Watu wanatikisa vichwa. Hakuna mteja aliyekuwa anaondoka kabla ya kuona gari lake likiachishwa ziwa, na mafundi wote wa kando ya barabara, kuanzia kwetu mpaka sokoni, walikuwa wamemuiga. Hata mtu ambaye hajui kufungua tairi alijua kipimo hicho.

Mwalimu Karimi alikuja kwetu mwaka wangu wa pili. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi huko Manyatta, na alipoacha chaki akafungua shule ya udereva, yeye mwenyewe mwalimu na yeye mwenyewe karani. Gari lilikuwa moja, la marehemu mumewe, saluni ya Kiingereza ya zamani yenye rangi ya buluu ya mbingu na milango inayofungwa kwa sauti nzito. Liliingia kwetu likisukumwa na wanafunzi wake wanne. Wa mbele alikuwa mama mmoja mkulima wa kahawa, Mama Kanini, kanga imefungwa kiunoni, anahesabu "moja, mbili, tatu" kama mtu aliyezoea.

"Hawa wangu," Mwalimu akatuambia, "wanajua kusukuma kabla hawajajua klachi."

Alicheka, lakini si sana. Mwezi uliotangulia gari lilikuwa limezima katikati ya uwanja wa mtihani, likakataa kuwaka, wanafunzi wakashuka wakalisukuma mbele ya Inspekta wa polisi aliyekuwa akitahini. Inspekta akamwambia waziwazi: likisukumwa tena hapo uwanjani, asililete tena. Na shule yenye gari moja, gari likikataliwa, shule hiyo imekwisha. Mtihani uliofuata ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na alikuwa na wanafunzi saba wa kupeleka.

"Mimi kurudi kuomba kazi ya kufundisha kwa umri huu?" akasema. "Siwezi, Mzee. Niambie ukweli, hii gari itaweza?"

Mzee Ireri alifungua dainamo ile. Akanusa, akakwangua, akabadilisha kaboni zinazosugua shaba, akairudisha, akaiachisha ziwa mbele ya watu. Siku mbili baadaye gari likarudi likisukumwa. Akafungua tena. Hakukuwa na ugonjwa wowote, na hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu kitu kizima kinachoshindwa na kazi kinasumbua akili kuliko kibovu. Siku ya tatu nikamwomba Mwalimu niketi kiti cha nyuma wakati wa somo. Nikaona. Mwanafunzi anatoka taratibu kama anabeba mayai. Anazima. Anapiga stata. Anazima tena. Anapiga stata. Saa nzima injini haikuwahi kukimbia hata mara moja, na kila stata ilikuwa inachota kwenye betri ambayo hakuna anayeirudishia.

"Dainamo si mgonjwa," nikamwambia Mzee. "Anaombwa kazi ambayo hakuumbiwa. Hii gari inataka alteneta."

Mzee akaniangalia kama nimemtukania mama. Alteneta, mashine mpya za kuchaji betri, tulikuwa tunaziona kwenye pikapu za miraa zikipita kwa kasi kutoka upande wa Meru, lakini zikiharibika wenyewe walikuwa wanazibadilisha nzima nzima, na Mzee alikuwa anadharau kitu ambacho fundi hawezi kukifungua akakinusa. Akanywa chai yake yote. Kisha akasema, "Inachaji ikienda polepole?"

"Ndivyo nilivyosoma."

"Kusoma si kuona. Nenda uilete tuone."

Hiyo ndiyo tabia yake niliyoipenda zaidi kuliko zote. Angebisha, angenuna, lakini udadisi ungemshinda.

Ijumaa nikaenda Kangeta, upande wa Meru. Huko soko la miraa lilikuwa limepamba moto, watu wanafunga mabunda kwa majani ya migomba, na nyuma ya soko kulikuwa na fundi mmoja aitwaye Mutuma aliyekuwa anachinja pikapu zilizopinduka. Nikamsalimia "Muga," kwa Kimeru, akafurahi kwamba mtu wa Embu amejitahidi. Akatoa alteneta kwenye pikapu iliyolala ubavu. Akaifunga kwenye injini nyingine, akaiwasha, akaweka bisibisi nyuma ya alteneta, nikaona bisibisi ikivutwa na sumaku. "Ikishika hivyo, iko hai," akasema. Halafu akainua kidole. "Lakini wewe sikiza. Hii si dainamo. Usitoe terminali ya betri ikiwa inazunguka. Hata sekunde moja. Utaiua."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Najua nimeua tatu."

Nilimsikia vizuri kabisa. Ningependa kuandika kwamba makelele ya soko yalinizuia, lakini nilimsikia.

Kazi ya kuifunga ilikuwa tamu sana. Gari lile lilikuwa limefungwa kinyume cha magari mnayoyajua: upande wa chanya wa betri ndio ulikuwa umeshikwa kwenye bodi. Alteneta inataka hasi kwenye bodi. Kwa hiyo tuligeuza betri, tukageuza nyaya za koili, tukavuta waya mnene mpya mpaka kwenye betri na waya mwembamba mpaka kwenye ile taa nyekundu ya dashibodi. Breketi ya zamani haikulingana, tukachomelea nyingine. Kunyoosha mkanda tulitumia uzi wa kushonea uliovutwa kutoka puli moja hadi nyingine. Katauti haikuwa na kazi tena, lakini Mzee alikataa kuitoa. Tukatoa vilivyo ndani, tukarudisha kifuniko chake mahali pake. "Mwenye gari amezoea kukiona," akasema. "Gari la mtu ni kama sebule yake."

Jumatatu alasiri tukawasha. Injini ikanguruma polepole kabisa, polepole ya mwanafunzi, na mshale wa mita ya chaji ukapanda. Tukawasha taa zote. Mshale ukayumba, ukarudi juu. Mzee Ireri akazima, akawasha, akazima, akawasha, akiangalia mshale ule kama mtu anayeangalia mtoto wake akitembea. Mwalimu Karimi alikuwa amefika, na wateja wanne watano hivi. Mwalimu akapiga makofi.

Kisha Mzee akachukua kitambaa.

Nilijua anachotaka kufanya tangu alipokishika. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumshika mkono. Nikafungua mdomo, nikaona wateja, nikamwona Mwalimu, nikamwona mzee wa umri wa baba yangu katikati ya watu wake, na ulimi ukakataa. Nikajiambia pengine Mutuma ametia chumvi. Mzee akavuta terminali, akaiinua juu.

"Sikilizeni. Nimemwa—"

Taa za mbele zikang'aa ghafla, nyeupe, zikapasuka. Ndani ya alteneta kukasikika mlio mdogo, tik, na ile harufu ya sukari iliyoungua ikanifikia hata kabla injini haijazima. Mzee aliisikia pia. Alisimama na terminali mkononi, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Wa Kangeta wamekuuzia takataka," akaniambia mwishowe.

Na mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu mpaka leo. Nilimwacha Mutuma, mtu aliyenionya kwa kidole, aitwe mwizi alasiri nzima mbele ya watu. Mwalimu Karimi aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa Alhamisi?" Akaenda nyumbani kwa miguu.

Jumanne asubuhi Mzee alikuwa ameshafungua alteneta kutoka garini. Alikuwa ameiweka ndani ya gunia. "Peleka hii Kangeta, umtupie huyo mwizi miguuni. Alete nyingine." Nikaliangalia gunia. Nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa: nitaleta nyingine, tutaifunga Jumatano, na yeye ataiachisha ziwa mbele ya watu, na Mwalimu Karimi atakuwa amekwisha.

"Mzee, si Mutuma. Ni ile ya kutoa terminali. Alteneta haitaki. Aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Ijumaa."

Alikaa kwenye tairi. "Kwa hiyo jana ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha niende mbele ya watu."

"Niliona haya, Mzee. Mbele ya wateja, wewe ni mzee wangu..."

"Mimi ni baba mkwe wako, unionee haya?" Alikuwa amepandisha sauti sasa, na mtu wa kinyozi jirani akatoka nje kusikiliza. "Nikitembea sokoni na zipu wazi utaniacha tu, kwa heshima?"

Nikafikiria. "Ningetuma mtu akuambie."

Alijaribu kuendelea kukasirika lakini mdomo ulimsaliti. Akacheka, akajifuta macho, kisha akawa mpole kwa namna iliyoniumiza zaidi. "Wanja," akasema, "mimi nikikosea, anayeumia si mimi. Ni huyo mama aliyekwenda kwa miguu jana. Heshima yako mwekee yeye." Akamwaga alteneta kutoka kwenye gunia mezani. "Sasa fungua tuone kilichokufa."

Tulifungua. Mzee akanusa kwanza, bila shaka. Ndani, nyuma, kulikuwa na kibamba chenye vidonge sita vya chuma, vile vinavyoitwa dayodi. Nilikuwa nimevisoma tu. Tulizitenganisha moja moja na nyaya, nikachukua taa ya kupimia kwenye mkebe wa majani chai, nikaunganisha na betri. Ukiweka nyaya hivi, taa inawaka. Ukizigeuza, taa inazimika. Moto unapita upande mmoja tu. Mzee akaninyang'anya nyaya. Akaweka, akageuza, akaweka, akageuza. Alisahau chai, alisahau mteja aliyekuwa akipiga honi nje.

"Kumbe ni katauti," akasema taratibu. "Hiki kidude kidogo hivi ni katauti. Na hakina hata sehemu moja inayotikisika."

Kati ya zile sita, mbili ziliwasha taa pande zote. Hizo ndizo zilizokufa. Tulipokuwa tumetoa terminali, nguvu yote iliyokuwa ikiingia betrini ilikosa pa kwenda, ikazirukia. Sikuwa na hakika wakati ule. Nilikisia tu, na Mzee alikubali kisio langu kwa kichwa.

Mchana huo huo nikaondoka tena. Mutuma nilimkuta anakula githeri, mahindi na maharagwe yake. Nilimweleza yote, pamoja na alasiri aliyoitwa mwizi, kwa maana niliona nisipomwambia hiyo nitakuwa sijasema kitu. Alitafuna mpaka akamaliza. "Sasa mmeua ya nne," akasema. Akanipa kibamba kizima cha dayodi kutoka kwenye alteneta iliyoungua nyaya, na hakutaka chochote isipokuwa nimweleze ile habari ya taa inayowaka upande mmoja. Nikamchorea kwenye katoni. Nililala kwa shangazi yangu karibu na soko la Gakoromone, Meru, na Jumatano kabla ya saa sita nilikuwa Embu. Tulilehemu kwa chuma kilichopashwa kwenye jiko la makaa, tukaweka na balbu mpya za taa za mbele. Jioni mshale ukapanda tena. Mzee akafunga boneti haraka, akaweka mikono yake mfukoni, akaiacha humo.

Alhamisi tukaenda wote uwanjani, Mwalimu akiendesha, Mzee mbele, mimi nyuma. Wanafunzi saba walikuwa wameshamaliza maswali ya ubao, ambapo mtu anasogeza kigari cha plastiki kwenye barabara za kuchorwa, na walikuwa wamepanga foleni. Inspekta akaliona gari la buluu.

"Hii tena?"

"Imetengenezwa, afande," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea madereva wa malori.

"Tutaona. Washa. Fungua boneti."

Likawashwa. Inspekta akainama juu ya injini, mtu makini, mwenye kujua kidogo. Akatazama alteneta, akatazama betri, akatoa leso mfukoni, akaizungushia vidoleni.

"Kuna njia moja tu ya kujua kama gari inachaji," akatangaza, wanafunzi wote wasikie, na akanyoosha mkono kwenye terminali.

Alikuwa amejifunza kipimo hicho kwetu. Mji mzima ulikuwa umejifunza kwetu. Nilimwona Mzee Ireri akivuta pumzi, lakini alikuwa upande wa pili wa gari. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Niliweka kiganja changu chote juu ya betri.

"Usiguse, afande!"

Inspekta akautazama mkono wangu, kisha uso wangu, taratibu sana.

"Unasema na nani?"

"Na wewe, afande. Ukitoa itakufa. Hii si dainamo."

"Mimi nimeona hii ikifanywa miaka mingi. Nimeona na huyu mzee wako."

"Mimi ndiye niliyeifanya Jumatatu," Mzee Ireri akasema kutoka upande ule, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni, "na nikaiua. Msikize huyo. Yeye anajua, mimi sikujua."

Inspekta alishusha leso. "Basi nitajuaje kama inachaji?"

"Izimwe, afande. Halafu taa za mbele ziwashwe."

Jua lilikuwa kali. Akavua kofia yake, akaizibia taa moja, akainama akachungulia kwa ndani kama mtu anayechungulia mzinga. "Naona," akasema. "Iko manjano manjano."

"Mwalimu, washa. Usikanyage mafuta."

Injini ikawaka, polepole. Inspekta alikaa ameinama hivyo muda mrefu. "Eh," akasema ndani ya kofia. "Imekuwa nyeupe." Kisha, "Zima tena." Kisha, "Washa." Mara nne alifanya hivyo, na mara mbili za mwisho nina hakika alikuwa anajifurahisha tu. Akavaa kofia, akafunga boneti mwenyewe.

"Leta wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa Mama Kanini, yule mkulima wa kahawa. Akafunga kanga vizuri, akaingia, Inspekta akaketi kando yake. Akaweka gia, akaachia klachi kwa hofu, gari likaruka mara moja, likazima.

Na wale wanafunzi sita waliobaki, bila mtu kuwaambia, wakakimbia nyuma ya gari, wakainama, wakaweka mikono kwenye buti. Mmoja akaanza kuhesabu, "Moja, mbili..."

Stata ikalia. Gari likawaka, likaondoka taratibu kama limebeba mayai, likawaacha wote sita wameinama katikati ya uwanja, mikono imenyooshwa, wameshika hewa. Mwalimu Karimi akawatazama, akaketi chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri, akacheka mpaka akalia.